Chai ya Wifi

Mimi ni daktari wa wanyama, na kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sina upole. Ulimi wangu ni wembe. Mume wangu husema wanyama hupona haraka kwangu ili wasilazimike kunisikiliza tena, na zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo.

Askari mmoja wa getini alikuja Jumatatu asubuhi, mbwa wake kamkumbatia kifuani, jasho linamtiririka. Mbwa mwenyewe si wa kubebwa. Alikuwa na kilo thelathini na nne, kifua kipana, kichwa kama ndoo. Kampuni yao ya ulinzi ilikuwa na mbwa kumi na wawili, kila mmoja na namba yake shingoni, lakini huyu askari hakuijali namba. Alimwita Bosi, na alizungumza naye kwa adabu zote. "Bosi, tumefika. Bosi, huyu ndiye daktari, usimng'ate."

Nilimpiga picha ya eksirei, nikaitundika kwenye taa. Nyonga zake zilikuwa zimechakaa, mfupa umesagana na mfupa mwenzake mpaka umekuwa na meno meno. Nikamweleza askari bila kuzungukazunguka kwamba hiyo haiponi. Inatulizwa tu.

"Ana mtihani baada ya wiki sita," akasema.

Nilikuwa naujua huo mtihani. Kila mwaka mbwa wa kampuni hupimwa: wanakimbizwa, wanapandishwa ngazi, wanarushwa ukuta wa mbao unaomfika mtu kifuani. Mbwa akishindwa mara moja anapewa mwaka. Akishindwa mara ya pili anachomwa sindano ya mwisho, na mchomaji ni mimi. Nimeshawachoma wanne wa kampuni ile. Mwaka uliopita Bosi alifika ukutani, akasimama, akageuka kumtazama bwana wake.

"Si umwombe ukakae naye nyumbani?"

"Nimeomba, daktari. Wanasema mbwa aliyefundishwa kung'ata hakai kwenye nyumba ya mtu. Ndiyo kanuni." Akamkuna mbwa nyuma ya sikio. "Miaka saba nimekaa naye getini. Saa nilizokaa na huyu ni nyingi kuliko nilizokaa na mke wangu, na mke wangu anajua. Msaidie aruke tu. Mara moja. Mwaka unaofuata tutajua wenyewe."

Basi nikamwandikia vidonge vya kupunguza maumivu na uvimbe, kimoja asubuhi baada ya kula. Kisha nikampeleka chumba cha nyuma kwa wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta anakanda watu migongo, na anakanda kweli, maana mikono yake ina akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowafahamu. Baadaye akaenda kusomea kuwakanda wanyama na kuwachoma zile sindano nyembamba kama nywele, akarudi na cheti, na mume wangu akanibembeleza nimpe chumba cha nyuma. Nilikubali kwa shingo upande. Nilidhani ataleta mizizi na moshi. Kumbe akaleta meza safi, daftari safi, na dawa chache za majani na magome alizokuwa anazijua kwa kuzipima kwenye mizani. Mwezi wa kwanza tu nikaona farasi aliyeshindikana anatembea. Nilienda dukani nikamnunulia kiti.

Tuliwekeana utaratibu. Kila mnyama alikuwa na kadi moja ya manila. Mbele naandika mimi, nyuma anaandika yeye. Na kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango, tulikaa kwenye benchi la ukumbini na vikombe vyetu tukasomeana kadi za siku hiyo kwa sauti: mimi nampa nini, yeye anampa nini, nani apunguze. Kusomeana, tulikuita hivyo. Miaka sita hatukuruka hata siku moja. Tulitaniana humo humo, mawifi hawakosi la kusemana. Mimi nilimwita mganga wa paka, yeye aliniita bibi kidonge. Lakini tulisomeana.

Bosi akaanza kupata nafuu. Kila Jumatatu na Alhamisi askari alimleta. Mimi nampima, wifi anamkanda nusu saa, anamweka sindano kumi na nne kuanzia kiunoni mpaka mguuni, na mbwa analala pale anakoroma. Wifi alimwanzishia pia maji ya gome, yale ya kahawia iliyokolea, nusu kikombe ndani ya uji. Tulisomeana hilo. Nilimwambia gome hilo linafanya kazi ileile ya vidonge vyangu, kwa hiyo asizidishe, na mimi nitashusha kidogo. Akaandika. Nikaandika. Wiki ya tatu Bosi alipanda ngazi za mbele za zahanati peke yake, akaketi juu akitusubiri, na askari akageukia ukutani akajifuta uso kwa kofia.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Askari alisema neno, wala hakuwa na nia mbaya. Alimshika wifi mkono mbele yangu na mbele ya wateja waliojaa benchi, akasema, "Mama, mikono yako ndiyo iliyomwamsha Bosi. Vidonge alikula mwaka mzima kwingine, havikumsaidia." Wifi angeweza kusema kwamba tumefanya wote. Alitabasamu tu. Na mimi, mtu mzima, mwenye shahada ukutani, nikasikia wivu unanipanda. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Basi tumpigie magoti mganga wa paka, na sisi tuliosoma miaka sita tukauze karanga." Watu wakacheka. Siku nyingine wifi angecheka na kunirudishia. Siku hiyo hakucheka. Alikunja taulo lake akarudi chumbani.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye benchi na kikombe changu. Wifi akapita, akanisalimia vizuri, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikajiambia, vizuri, kama ameamua kununa mimi simfuati. Ilikuwa rahisi hivyo. Hatukugombana hata kidogo. Tuliendelea kuulizana habari za nyumbani, kugawana chakula cha mchana, kupokezana funguo. Tuliacha kusomeana tu. Kadi zilikaa kwenye sanduku letu la pamoja, mimi naandika mbele, yeye anaandika nyuma, na hakuna aliyeigeuza. Nilikuwa nikiishika ile kadi ya Bosi, nasikia kidole kinataka kuigeuza, nakizuia. Nakumbuka kabisa jinsi nilivyokuwa nakizuia.

Siku kumi kabla ya mtihani baridi iliingia, na Bosi akakaza tena. Akaanza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia. Askari akanijia uso umemshuka. "Daktari, tumerudi kule kule?"

"Hatujarudi," nikamwambia. "Ongeza kidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka siku ya mtihani."

Dozi hiyo ilikuwa kubwa. Nilijua ni kubwa. Lakini nilipiga hesabu kwamba kwa siku kumi tumbo litavumilia, tena nilitaka, sitaficha, nilitaka Bosi aruke kwa vidonge vyangu. Ningeweza kumuuliza wifi kama bado anampa gome, na kiasi gani. Alikuwa nyuma ya ubao mwembamba, nasikia hata anavyokohoa.

Na wifi huko nyuma ya ubao, siku hiyohiyo, baada ya kumkanda, alimwambia askari aongeze maji ya gome. Kutoka nusu kikombe mpaka kikombe kizima, mara mbili kwa siku. Yeye naye alikuwa na hesabu zake, na yeye naye alitaka mikono yake ndiyo isifiwe. Askari alitii wote wawili. Angejuaje? Alituona tunakula sahani moja mchana. Alidhani tunazungumza.

Siku tatu kabla ya mtihani alinisimamisha ukumbini. Nilikuwa na haraka, kuna mbuzi amelala mezani.

"Daktari, Bosi chakula anakiacha. Na choo chake kimekuwa cheusi. Cheusi ti, kama lami."

Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua. Choo cheusi cha kunata ni damu iliyopikwa tumboni. Mnyama anayekula vidonge vile akitoa choo cheusi, unavisimamisha saa hiyohiyo, unamlaza, unamtundikia maji. Nimewafundisha watu jambo hilo. Nimelisema hata redioni, mara mbili. Lakini nilipolisikia siku ile kichwa changu kilikimbilia kikombe cha wifi, yale maji yake meusi, na nikafurahi. Nilifurahi kwa sababu nilipata pa kumchoma.

"Hiyo ni chai ya wifi," nikasema, nikacheka. "Ukimnywesha mbwa lami, atatoa nini, maziwa?"

Askari akacheka pia, roho yake imetulia. Nikaenda kwa mbuzi wangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alipofika chumba cha nyuma alimwambia na wifi kuhusu chakula. Wifi akamjibu kwamba vidonge vya daktari ndivyo vinavyokata hamu, vumilia, vinaisha Alhamisi. Kila mmoja wetu aliulizwa, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole huku anatabasamu.

Alhamisi walifanya mtihani. Sikuwepo, askari ndiye aliyenisimulia. Bosi alikimbia. Alipanda ngazi, akashuka. Alifika ukutani, akasimama kidogo, na askari akahisi moyo wake umesimama naye. Kisha akaruka. Mguu mmoja wa nyuma uligusa ubao wa juu, lakini akatua upande wa pili, na msimamizi akaandika kwamba amefaulu. Mambo yangeishia hapo. Lakini kuna askari wenzake waliokuwa wakimcheka mwaka mzima kwamba anamlea mbwa kilema, na mmoja akasema mguu umegusa, hiyo si kuruka, hiyo ni kuparamia. Basi askari akamrudisha Bosi mwanzo, akamwamuru tena. Bosi akaruka tena, safi, hakugusa kitu.

Walikuja zahanati saa tano kutuonyesha cheti. Bosi alitembea kutoka kwenye gari mpaka katikati ya ukumbi. Wateja wakampigia makofi. Hapo katikati akaketi, kisha akalala ubavu, taratibu, kama anayetafuta mahali pa baridi sakafuni. Nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Nitasema tu kwamba tulijitahidi, maana ni kweli. Tulimbeba mezani, nikamchoma sindano ya dripu miguu yote miwili ya mbele. Wifi alikuja mbio akamshika kichwa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alitapika mara moja, damu ya rangi ya kahawa iliyokorogwa, ikatumwagikia sote. Nilikuwa naandaa kumpasua alipokata roho, saa saba kasorobo, macho kwa bwana wake. Askari alikuwa amepiga magoti sakafuni akimwambia, "Bosi, umefaulu. Bosi, sikiliza, umefaulu."

Kampuni inataka kila mbwa anayekufa apasuliwe na ijazwe fomu. Tulimpasua kesho yake asubuhi, mimi na wifi, mlango umefungwa. Tumbo lilikuwa na vidonda visivyohesabika, na kimoja kilikuwa kimetoboa kabisa, tundu la kupitisha kidole kidogo. Matumbo yote yalikuwa na damu nyeusi, ya siku nyingi. Haikuwa ya jana. Kuruka hakukufanya lolote pale, au kulifanya kidogo sana. Yule mbwa alikuwa anakufa tangu wiki iliyopita, akiwa na uchungu ambao siwezi kuuwazia, na aliruka ukuta akiwa hivyo. Mara mbili, kwa sababu aliambiwa.

Wifi alivua glavu akaenda kwenye sanduku, akaitoa kadi. Akasoma mbele, upande wangu. Akageuza akasoma nyuma, upande wake, kwa sauti, kama zamani kwenye benchi. Kikombe kizima, mara mbili kwa siku. Kisha akaiweka mezani karibu na mbwa.

"Tumemuua, wifi," akasema.

"Najua."

"Tutamwambia?"

Leseni iliyoko ukutani ni yangu, na chumba chake cha nyuma kinaishi kwa leseni hiyo. Wote tulilijua hilo. Aliniangalia muda mrefu, mimi nikashona.

Askari aliingia saa nne, amevaa sare iliyopigwa pasi, na fomu ya kampuni mkononi. Alikuwa ametulia, na huo utulivu wake ndio ulionitisha. Tukakaa watatu ofisini kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nilikuwa na maneno tayari, mengine ya kweli, mengine nusu. Hakuniuliza.

"Daktari, usihangaike kunieleza," akasema. "Nimekaa na jambo hili tangu jana, nimelitafuta kila upande. Kwanza nilidhani ni tumbo, kwa vile alikuwa hali. Halafu nikakumbuka nilikuuliza wewe mwenyewe kuhusu kile choo, ukaniambia ni chai. Na mama hapa akaniambia hamu itarudi. Kwa hiyo tumbo lake lilikuwa zima. Kilichobaki ni ule ukuta." Akailaza fomu gotini. "Mara ya kwanza alikuwa amefaulu. Msimamizi alishaandika. Mimi ndiye niliyemrudisha, kwa sababu ya kuchekwa na wapumbavu. Nimempasua ndani kwa kiburi changu."

Wifi alikuwa ameibana mikono yake, ile mikono, katikati ya magoti.

"Kaka," akaanza, "subiri kidogo, kuna jambo..."

"Wifi," nikasema.

Neno hilo moja tu. Sikulipandisha. Akainamisha kichwa, na hakukiinua tena.

Askari alidhani tunamhurumia. Akaisogeza fomu mbele yangu. "Naomba uandike kama ilivyokuwa. Najua wakisoma hivyo hawatanipa mbwa mwingine, nitakaa getini peke yangu mpaka nistaafu. Ni haki yangu. Ila sitaki Bosi aandikiwe uongo."

Ningeweza kusema hapo. Naomba mtu yeyote asinitetee kwamba nilishikwa na woga au nilichanganyikiwa, maana kichwa changu kilikuwa safi kabisa. Nilichukua kalamu. Kwenye mstari wa sababu ya kifo nikaandika: kutokwa na damu tumboni kutokana na nguvu iliyopita kiasi, alirushwa ukuta mara mbili. Mwandiko ulikuwa mzuri, haukutetereka. Nikapiga muhuri. Kisha nikamwambia asijilaumu sana, kwa ile sauti yangu laini niliyojifunza kuitumia kwa wenye wanyama, pengine mara ya kwanza mwaka ule kuitumia bila kejeli.

Alisoma mstari ule polepole, kidole kikifuata maneno, akatikisa kichwa kukubali. Akatia sahihi. Aliposimama alimpa wifi mkono kwanza, lakini wifi hakuunyanyua wake, na yeye akadhani amemuudhi kwa kumuua mbwa waliyemhangaikia, akamwomba msamaha. Kisha akanigeukia mimi.

"Asante, daktari," akasema. "Mwingine angenionea huruma, akaandika uongo."

Nikampa mkono.